Profesa wa Gia Akutana na Lori Isiyo na Klachi

Jamani, leo nimevuliwa nguo Malaba, mchana peupe. (Suruali ninayo. Heshima ndiyo haiko.) Nimeona niwaandikie mwenyewe hapa kwa group kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa mpakani malori hungoja karatasi lakini umbea haungoji kitu.

Kwa wale wageni: mimi ni Wandera, mtu wa Butula, dereva wa trela miaka ishirini na nne. Humu ndani mnaniita Profesa wa Gia na mimi sijawahi kukataa hilo jina. Ni mimi niliyeandika hapa mwezi jana kwamba lori ya otomatiki si lori, ni friji yenye magurudumu. Ni mimi pia niliyesema dereva akiondolewa klachi anabaki abiria anayelipwa. Mkanipigia makofi mkiwa kumi na wanane. Nilihesabu.

Sasa ngojeni.

Tajiri wetu ana malori matano. Mwezi jana alituita, akatuambia anauza zile kuukuu moja moja na mpya zote ni otomatiki. Akatuuliza kila mtu kivyake, "Hizi unazijua?" Wenzangu wawili wakasema, boss, hatuzijui. Niliwaonea huruma sana. Yaani mtu mzima anasimama mbele ya tajiri anasema hajui gari! Nilipofikiwa mimi nikajibu, "Boss, hizo nimeendesha mpaka nikachoka. Kampuni niliyotoka ilikuwa imejaa otomatiki."

Uongo mtupu. Hata sijui ulitokea wapi, ulinitoka tu kama chafya. Tajiri akafurahi, akaandika jina langu kwa kitabu chake, nami nikarudi kukaa nimevimba kifua.

Wiki jana lori yangu ya zamani, ile ya gia kumi na sita, ilinunuliwa na watu wa kokoto. Nilienda kuiaga. (Nilishika ile gia kwa mkono kidogo. Hakuna mtu aliniona, asante Mungu.) Kwa hivyo mambo yalikuwa hivi: ama niendeshe hiyo mpya, ama nirudi Butula nikachunge kuku wa mke wangu, na hao kuku hawanipendi. Na kuna jamaa wa Bumala anayeitaka hiyo nafasi kama nini. Kila asubuhi anampigia tajiri simu kumsalimia. Salamu gani hizo za kila asubuhi, kwani tajiri ni mgonjwa?

Basi leo ndiyo ilikuwa siku.

Mnajua sisi hupokezana magari kwa foleni yenyewe. Mmoja anatoa trela Mombasa, akifika Malaba mwenzake anaipanda pale pale kwa laini na kuvuka nayo. Aliyenikabidhi ni Nabwire, dada mmoja kutoka Matayos, mama wa watoto wawili. Amefunzwa hizo otomatiki mwaka jana, na anaendesha vizuri, sasa naweza kukubali. Nilimkuta saa tatu asubuhi ameshafunga begi lake, anataka kukimbia saluni hapo Malaba akasukwe, halafu aende nyumbani kupumzika.

"Mzee Wandera, nikuonyeshe kidogo kabla niende?"

"Nabwire, dada yangu, wewe nenda ukasukwe."

"Ni dakika mbili tu. Hii gari iko na mambo yake."

"Mambo gani? Gari ni gari."

Akaniangalia vile mama huangalia mtoto aliye na sukari kwa mdomo akisema hajala sukari. "Sawa basi. Ukikwama nipigie."

"Nikwame!" Nilicheka mpaka wenye boda wakageuka. Akapanda pikipiki akaenda zake.

Nikapanda ndani. Weh! Hiyo si kebini, hiyo ni ofisi ya meneja wa benki. Kapeti chini. Kioo cha kugusa. Harufu ya mandazi ya Nabwire lakini kila kitu kimekaa mahali pake. Nikakaa, nikashusha mkono wa kushoto pale gia huwa. Mkono ukashika hewa. Nikaangalia. Pale gia inafaa kusimama kumewekwa mahali pa kikombe.

Nikaangalia chini. Pedali mbili.

Mbili! Nikainama nikafunua kapeti, nikasema labda ya tatu imelala. (Ndiyo, nilifunua kapeti. Endeleeni kucheka, mimi naendelea.)

Nikiwa huko chini nikasikia mbele yangu injini zinanguruma. Foleni imesonga. Mbele yangu kulikuwa na tangi la petroli, likajiondokea, nafasi ikafunguka ya lori tatu. Na nyinyi mnajua kuacha nafasi kwa foleni ya Malaba ni kama kuacha nyama mezani na kutoka nje. Nikawasha. Injini ni kimya hivi kwamba sikuamini, nikawasha tena. Ikakwaruza ikanitukana.

Nyuma yangu kulikuwa na Mganda mmoja anaitwa Kato, mtu mzima kama mimi, lori yake ya zamani, gia za mkono. Akapiga honi. Nikamwonyesha mkono wa subiri. Akapiga tena. Nikaanza kubonyeza. Jamani nilibonyeza kila kitu kilichokubali kubonyezwa. Waipa zikaanza kupanguza jua. Redio ikafunguka na mhubiri akaniuliza kama niko tayari. Taa zote zikawaka. Nikasokota kijiti kimoja kando ya usukani, kwa dashibodi ikatokea herufi D, ile ya kwenda mbele. Nikagusagusa kando ya redio, nikasikia hewa: psssss!

Hiyo sauti naijua. Hiyo ni breki imeachia. Nimegusa nini hasa, hilo sikujua, na sikuwa na wakati wa kuuliza, kwa sababu lori ilianza kwenda.

Yenyewe! Sijakanyaga mafuta, naapa! Niko na miguu miwili hewani na trela nzima ya saruji inatembea kama inajua inakoenda.

Sasa hapa ndipo mguu wa kushoto ulipoingilia. Miaka ishirini na nne huo mguu umefanya kazi bila kuniuliza. Kukitokea jambo lolote, unakandamiza klachi mpaka sakafuni. Na klachi ya lori kuukuu si ya kubembeleza, inakanyagwa kwa nguvu za ugali. Basi mguu ukaruka, haukupata klachi, ukaangukia pedali ya breki, ile pana, kwa nguvu zote.

Lori ikasimama papo hapo. Mimi sikusimama. Paji la uso likaenda kusalimia usukani. Flaski ya chai ikapaa ikagonga kioo.

Kato akatoa kichwa dirishani. "Ssebo, bwana! Nini mbaya?"

"Napima breki!"

"Zinashika?"

"Zinashika sana!"

Nikaongea na mguu. Nikauambia, tulia wewe, hapa hakuna kazi yako. Ukakubali. Nikaachilia breki, lori ikaanza kujiendea, mita kumi hivi, vizuri kabisa. Halafu ikabadilisha gia yenyewe, nikasikia ule mtingisho kidogo, na mguu ukasikia kabla yangu. Pah! Sakafuni. Paji la uso, usukani. Flaski, kioo. Kato, honi.

Hivyo ndivyo tulivyosonga. Sijui niwaeleze vipi. Kila mita kumi trela inainama mbele na kuinuka. Wenye boda wakaacha wateja wakaja kusimama kando ya barabara. Nikasikia mmoja akisema, "Hii lori inasujudu." Mama mmoja mwenye beseni la nyanya kwa kichwa akanionea huruma, akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia, hapana mama, ni barabara. Akaangalia barabara. Lami safi, haina hata shimo.

Baada ya saa nzima hivi tukafika mbele ya kibanda cha Mama Amoit, yule Mteso wa chapati mnayemjua wote. Foleni ikasimama kabisa. Tangi la petroli likasimama mbele, mimi nyuma yake kama lori moja hivi, sikutaka kukaribia. Mahali pale barabara imeinama kidogo kuelekea darajani. Kidogo tu, hata hungejua ukitembea kwa miguu.

Na hapa sasa ndipo kosa lilipo, na wale wa zamani wenzangu msijifanye, hata nyinyi mngelifanya. Lori zetu kuukuu handibreki zinavuja hewa. Hakuna anayeziamini. Sisi tunazima injini tukiwa tumeacha gia moja ndani, basi, giaboksi inashika gari, unashuka unaenda kula. Nimepaki hivyo tangu Eldoret hadi Kampala na sijawahi kupoteza gari.

Kwa hivyo nikaiacha kwa D, nikazima injini. Niliona kama nimefanya akili. Lori ikaanza kulia tiii, tiii, tiii. Nikaiambia, "Nyamaza, mkanda nimeufungua kwa sababu nashuka." Nikafunga mlango kwa madaha nikaenda kuketi.

Mama Amoit akaniletea chai, chapati mbili na maharagwe. Nikaweka simu mezani. Kato naye akaja akakaa na mimi, akaniuliza hizo gari mpya zikoje. Hebu mniambie, kwani ningesema nini? Nikamwambia, "Kato, otomatiki ni kitu rahisi sana. Ni kichwa tu. Gari inataka dereva aliyetulia."

Kato akatikisa kichwa kwa heshima. Nikakata chapati. Mama Amoit alikuwa amesimama mbele yangu na sufuria ya maharagwe, akiangalia barabarani juu ya bega langu.

"Mzee," akasema polepole, "wewe uko hapa?"

"Si unaniona."

"Na hiyo lori yako inaendeshwa na nani?"

Mungu wangu!

Nikageuka. Lori inateremka. Haina haraka, haina kelele, inajiendea tu polepole kuelekea tangi la petroli lililojaa. Watu wakaanza kupiga nduru, "Gari inaenda! Gari inaenda!" Mimi nina miaka hamsini na moja na kitambi cha heshima, lakini leo niliruka benchi ya Mama Amoit na sikuigusa. Nikakimbia na chapati kwa mkono. Sijui kwa nini sikuitupa. Nikashika mlango, nikajivuta juu, nikaangukia kiti nusu mgongo nusu ubavu. Wakati huo kwa kioo sioni barabara tena, naona tangi peke yake, limejaa kioo chote, na limeandikwa kwa maandishi makubwa mekundu: HATARI.

Kichwa changu hakikufikiria chochote, nawaambia ukweli. Kichwa kilikuwa kimetoka. Ni ule mguu wa kushoto ndio uliruka wenyewe kutafuta klachi kama kawaida yake, ukaangukia breki kama kawaida yake.

Ikasimama.

Kato alikuja akapima kwa mkono kati ya lori na tangi. Kiganja kimoja na vidole viwili. Akapima tena akasema, "Ssebo, Katonda anakupenda. Mungu kabisa."

Mngefikiri aibu imeisha hapo. Ndiyo ilikuwa inaanza. Kwa sababu sasa niko juu, injini imezimwa, mguu umekanyaga breki, na nikiutoa lori inaenda kwa petroli. Handibreki ni gani? Asubuhi niligusa kitu kikaachia hewa, lakini niligusa vitu ishirini. Na sikuthubutu kugusa tena, kwani nikikosea?

Kato akapanda mlango wa upande wa pili. "Vuta handibreki!"

"Iko wapi?"

"Mimi nitajua wapi? Si gari ni yako?" Akaangalia dashibodi kulia na kushoto. "Hapa mimi naona redio tu." Halafu akaniangalia usoni, pole pole. "Na si ulisema ni kichwa tu?"

Nikamwomba asiongee.

Watu wakaleta mawe ya kuzuia magurudumu. Mawe yenyewe ya kupondea karanga. Trela ya tani na tani, wananiletea vijiwe viwili na tofali nusu! Wakaniambia, mzee, toa mguu, tumeweka. Nikawaambia sitoi. Mguu ulishaanza kutetemeka kuanzia kwa nyonga, na chapati bado ninayo mkononi, na watu sasa wamejaa, wengine wameinua simu wananipiga picha. Kama umeona hiyo video ya mzee na chapati, sasa unajua ni nani.

Halafu nikasikia simu yangu inalia. Huko mezani. Kabla sijasema neno, Mama Amoit akaichukua akapokea. Mnamjua huyo mama, akiongea na simu ni kama hiyo simu haina kazi, sauti inafika yenyewe.

"Haloo! ... Yuko, lakini hawezi kuja! Amekanyaga breki! ... Hapana, haendeshi, gari imezimwa! ... Basi ndio hivyo, akitoa mguu tunaungua sisi wote! ... Ngoja nimuulize!"

Akageuka. "Mzee! Huyu mtu anasema ni tajiri wako! Anauliza kama hii gari unaijua!"

Foleni nzima ikageuka kunisikiliza. Jamani, ningefanyaje? "Mwambie naijua!" nikapiga kelele.

"Anasema anaijua! ... Eh! ... Mzee! Anauliza kama unaijua, mbona umekanyaga?"

Hapo watu wakaangua kicheko ambacho nafikiri kilisikika Tororo. Hata yule mwenye tangi la petroli, ambaye ndiye angelipuka wa kwanza, alikuwa ameshika tumbo ameegemea gurudumu.

Mama Amoit akaja na simu hadi mlangoni, akaninyooshea. Nilikuwa na mkono mmoja wa usukani na mwingine wa chapati, kwa hivyo akanishikia mwenyewe, akaweka sauti ya nje ili anisaidie. (Asante sana, Mama Amoit.) Tajiri alikuwa mtulivu, na huo utulivu ndio uliniogopesha.

"Wandera. Hiyo gari ina kifaa kinaniambia ikifungwa breki kwa nguvu. Tangu asubuhi simu yangu haijanyamaza. Nimefikiria unakimbizwa na majambazi. Sasa niambie. Umewahi kuendesha otomatiki?"

Nikaangalia watu. Nikaangalia tangi. Nikafikiria jamaa wa Bumala na salamu zake. Ningeweza kusema kifaa kimeharibika. Nawaapia, uongo ulikuwa tayari umefika kwa meno. Lakini mguu ulikuwa unatetemeka mpaka kiti kinatingishika, nikaona siwezi kushika breki na kushika uongo kwa wakati mmoja.

"Hapana, boss," nikasema. "Sijawahi. Hata moja."

"Na zile za kampuni uliyotoka?"

"Haikuwa nazo, boss. Ilikuwa na Fuso mbili na zote zilikuwa za kusukumwa."

Nikasubiri kusikia jina la mtu wa Bumala.

"Gari imegusa kitu?"

"Haijagusa."

"Kuna mtu ameumia?"

"Ni mimi tu, paji la uso."

Akavuta pumzi ndefu. "Wandera, wenzako wawili waliniambia hawajui. Nikawapeleka wakafunzwa siku tatu, ikaisha. Wewe ndiye ulisema unajua, nikakuacha. Ulifikiri nitakufukuza kwa kutojua? Mimi mwenyewe tajiri hiyo gari siijui! Ningekufukuza kwa kuchoma petroli Malaba!"

Jamani. Siku tatu! Mwezi mzima nimelala vibaya, nimemficha mke, nimetazama video za Wazungu usiku nikiwa nimefunika kichwa, kumbe kulikuwa na darasa la siku tatu na chai juu. Nilihisi mjinga mpaka nikakumbuka chapati, nikaiuma. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

"Usitoe mguu," tajiri akasema. "Nampigia Nabwire."

Nabwire akafika kwa boda baada ya dakika kumi na tano hivi, za kwake. Kwangu zilikuwa kama Kwaresima. Na nikamwona nikatamani lori initeremshe tu. Upande mmoja wa kichwa umesukwa laini nzuri, upande wa pili nywele zimesimama zote na kitana kimekwama ndani. Hakunisalimia. Akapanda upande wa abiria, akanyoosha mkono, na kwa kidole kimoja akavuta kidude kidogo kando ya redio, hakizidi kifuniko cha soda.

Psssss.

"Toa mguu."

"Una uhakika?"

"Mzee Wandera. Toa mguu."

Nikautoa. Lori ikatulia pale pale kama nyumba. Nikafunika uso na mikono. Sikulia, macho yalitoa maji tu. Nilikuwa nimepata maisha yangu tena, na ya mwenye tangi, na ya Mama Amoit pamoja na sufuria yake. Watu wakapiga makofi. Kato akanipa mkono dirishani akasema hata yeye hajui hizo gari na sasa ndiyo hataki kujua.

Nabwire akaongea na tajiri kando, nami nikabaki nimeinamisha kichwa nikingoja hukumu. Akarudi. Tajiri amesema gari ni yangu bado, lakini mwalimu ataketi kando yangu hadi Kampala na kurudi, naye atapewa siku zake za kupumzika akimaliza. Mwalimu ni yeye.

"Nimekubali," Nabwire akasema, "lakini kwa masharti yangu. Leta huo mguu."

"Mguu gani?"

"Huo wa kushoto. Huo ndio mwenye shida. Wewe mwenyewe si mbaya sana."

Akatoa leso kwa begi. Akainama. Akaufunga mguu wangu wa kushoto kwa chuma cha kiti, mafundo mawili, kama mbuzi wa sokoni siku ya soko. Nikasema Nabwire, watu wanaona. Akasema wameona mengine makubwa leo.

Na mnajua nini? Ilienda! Foleni ikasonga, nikaachilia breki taratibu kwa mguu wa kulia, lori ikatembea laini kama maji. Ilipobadilisha gia niliona leso inakazwa, mguu unataka kuruka, leso inakataa. Mita mia. Mita mia mbili. Hakuna aliyesujudu. Nikaanza hata kufurahia. (Mkono wa kushoto sina kazi nao, nikaushikisha chai. Sasa nimeelewa pale mahali pa kikombe.) Nilikuwa mwepesi, sijui niseme vipi, kama mtu aliyetua gunia alilobeba mwezi mzima na hakuna aliyemtuma.

Tukafika kwa lango la yadi ya forodha. Askari akaja dirishani kuangalia karatasi. Akaangalia karatasi. Akaniangalia mimi na uvimbe wa paji la uso. Akateremsha macho akaona leso na mafundo. Akamwangalia Nabwire na nusu ya nywele.

"Huyu mzee amefanya nini?" akamuuliza Nabwire.

"Anajifunza gari."

"Na wewe kichwa?"

"Ni yeye."

Askari akatuangalia tena mmoja mmoja. Akarudisha karatasi bila kusoma ya mwisho, akafungua lango, akasimama mbali kidogo.

Saa hizi tumepaki kwa yadi tunangoja stakabadhi. Handibreki nimevuta mwenyewe, mara tatu. Nabwire amerudi saluni kumalizia ule upande mwingine, na ameniambia nikifungua hilo fundo kabla arudi atajua. Mke wangu nimeshampigia nikamwambia kila kitu. Amecheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili acheke vizuri. Na nyinyi wenye kusema "naijua" kwa mdomo wakati miguu haijui, semeni hamjui mapema, kuna darasa la siku tatu.

Yule wa Bumala naye, kama uko humu kwa group, endelea tu kumsalimia tajiri, ni tabia nzuri. Lakini kazi sijafutwa. Aliyefutwa ni mguu wa kushoto.